Wakuu ushauri: nimeangalia dokumentari ya Rodriguez, sasa nataka kumtengenezea mzee wangu filamu

Mtoto wa Uyole: Wakuu, poleni na baridi. Mimi dokumentari huwa sina habari nazo, filamu kwangu ni ya mapigano na iwe imetafsiriwa. Sasa shemeji kaniachia flashi, humo nikakuta Searching for Sugar Man. Nikasema niichungulie kidogo nilale. Nilizima saa nane usiku.

Kwa ambao hamjaiona: kuna jamaa wa Detroit anaitwa Rodriguez, alitoa albamu mbili, 1970 na 1971. Kwao Marekani hazikuuza, akarudi kwenye kazi za kubomoa na kukarabati nyumba. Kumbe Afrika Kusini wanamwimba kila nyumba, na uvumi ni kwamba alijiua jukwaani. Mashabiki wakamsaka, wakamkuta mzima, 1998 akaenda kuwapigia. Pale anapopanda jukwaani na ukumbi unalipuka, nililia. Sioni aibu.

Mzee wangu alipiga gitaa la solo kwenye bendi hapa Mbeya miaka ya themanini. Kaseti zao za mazoezi zipo. Nataka nimfanyie filamu. Swali langu ni dogo tu: kamera gani inafaa, au simu inatosha? Nina haraka kidogo.

Konda wa Tunduma: Hiyo "haraka kidogo" ndiyo imenishtua.

Shangazi wa Kihesa: Kamwene wote. Simu inatosha mwanangu. Aliyeitengeneza hiyo ya Rodriguez, Malik Bendjelloul wa Sweden, aliishiwa hela akamalizia vipande kwa programu ya simu ya kama dola moja na kitu. Ikachukua Oscar 2013. Wewe kamera ya nini?

Mimi iliyonikamata ni ile ya Bi Kidude ya 2006, As Old as My Tongue. Niliiangalia na mama mkwe. Bibi anavuta sigara pale, mama mkwe kaguna, kaomba rimoti. Nikajua ndio tumezimiwa. Kumbe anataka irudishwe nyuma aone tena.

Sauti ya Nyikani: Vijana mnalilia Wazungu huku wazee wenu vijijini hamuwasalimii. Dunia imekwisha.

Baridi ya Makete: Rodriguez wazazi wake ni watu wa Meksiko, mkuu. Na huyu analilia baba yake, soma vizuri.

Fundi Redio Mafiati: Achana na kamera, tuongelee kaseti. Zilikaa wapi? Kama ni sehemu yenye unyevu zina ukungu, usithubutu kuziweka kwenye redio, ukungu unahamia kwenye hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, na utepe unakatika. Halafu angalia vile vijimeno viwili mgongoni mwa kaseti. Kama havijavunjwa, vunja leo. Mtoto akibonyeza kitufe cha kurekodia kwa bahati mbaya, umefuta miaka ya themanini yote.

Konda wa Tunduma: Mzee mwenyewe anasemaje?

Mtoto wa Uyole: Mzee yuko Tukuyu, anaendelea vizuri kabisa, asante. Turudi kwenye mada. Kuna aliyewahi kutumia kamera za mtumba?

Konda wa Tunduma: Sijauliza afya yake. Nimeuliza kuhusu filamu anasemaje.

Mtoto wa Uyole: Haya. Mzee aliokoka. Gitaa akaligawa, kaseti akamwambia mama azichome. Mama hakuchoma, alizipandisha darini jikoni nyuma ya mahindi. Mpaka leo mzee anajua zilishakuwa majivu. Nilipomgusia habari ya filamu akasema nisimletee mambo hayo nyumbani kwake. Lakini wazee ndivyo wanavyoongea, akiiona atalainika. Kaseti nimeshazichukua, kanipa mama, kwa hiyo si wizi. Na kamera nimeshaitangulizia hela, imebaki nusu. Hela ni ya mbolea ya kupandia viazi kule Isongole. Mvua bado, itakuwa imerudi.

Konda wa Tunduma: Itarudi ikitokea wapi?

Mtoto wa Uyole: Nikiweka trela watu watachangia. Rodriguez naye alianza na nini?

Konda wa Tunduma: Si na mbolea ya baba yake.

Dada wa Sokomatola: Mimi namuwaza mama. Siku hiyo filamu inatoka ndiyo siku mzee anajua mkewe alimdanganya miaka yote hiyo. Kwetu mama alificha viatu vya baba vya dansi ili asiende. Baba alivikuta mwenyewe kwenye debe la unga. Waliongea kwa kupitia sisi watoto mpaka Pasaka.

Baridi ya Makete: Na kibali cha Bodi ya Filamu je? Sheria ya 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha. Na wenzake kwenye bendi nao wana haki kwenye nyimbo hizo.

Jicho Kali: Wakuu mnanyweshwa chai. Mwanamuziki aliyesahaulika, kaseti darini, mtu anamfufua. Ni filamu ileile, kaing'oa Detroit kaipanda Tukuyu. Taja bendi. Tupia hata nusu dakika ya wimbo.

Mtoto wa Uyole: Bendi siitaji, waliopiga naye wengine wana watoto humu.

Jicho Kali: Mmeona?

Shangazi wa Kihesa: Hata filamu yenyewe ina chai yake. Rodriguez alizunguka Australia na maonyesho 1979 na tena 1981, kule walikuwa wanamjua vizuri. Filamu imenyamaza kimya, wewe unabaki unadhani alifukiwa hadi 1998.

Mtoto wa Uyole: Kweli? Mbona hawakusema?

Jicho Kali: Kama wewe na mbolea.

Baridi ya Makete: Mimi Australia hainihusu, machozi yangu yalikuwa halali. Ila kama ni wazee wa muziki, tafuta Buena Vista Social Club ya Wim Wenders, 1999. Ibrahim Ferrer alikuwa anang'arisha viatu Havana, mwaka 1998 anaimba Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa New York. Kuna sehemu wamesimama mbele ya dirisha la duka New York wanabishana zile sanamu ni za nani, nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Lakini angalia: Ferrer aliitwa studio, akaja kwa miguu yake.

Fundi Redio Mafiati: Darini juu ya moto? Unyevu umepona, lakini joto na moshi je? Usizicheze kwanza.

Mtoto wa Uyole: Moja imeshachezwa kwa fundi mmoja mjini. Ilivuma, kisha nikasikia mzee anacheka, anasema "tuanze upya", gitaa likaingia. Sijawahi kumsikia akicheka vile. Halafu redio ikaumeza utepe.

Fundi Redio Mafiati: Kazirudishe zote nyumbani leo. LEO.

Jicho Kali: Tupia hicho kicheko basi.

Mtoto wa Uyole: Sikurekodi. Ngoja, mama anapiga.

Mtoto wa Uyole: Wakuu, mzee anapanda gari asubuhi kuja mjini. Anasema mbolea akanunue mwenyewe, mimi nimwandalie tu ile hela.

Jicho Kali: Sasa hii naiamini.