Utani wa madafu kwenye kampeni za kansa ya ziwa: tupeane uzoefu

Binti wa Mji wa Kale:
Salaam aleikum jamaa. Oktoba yabisha hodi, fulana za waridi zishaanza kuonekana, nami nataka kulitoa hili moyoni kabla sijaalikwa tena.

Mwaka jana kampuni moja iliandaa matembezi ya kansa ya ziwa pale bustani ya Mama Ngina, Mombasa. Nilienda kwa hamu, maana mimi mwenyewe nimekatwa ziwa la kulia, huu mwaka wa nne. Kufika nikakabidhiwa fulana. Kifuani madafu mawili yamechorwa, chini yake OKOA MADAFU. Nikavaa. Kumbe mshereheshaji naye kajitayarisha: "Wenye madafu mawili, mikono juu!" Watu kicheko, mikono ikapanda. Mkono wangu wa kulia, tangu nitolewe tezi za kwapani, haupandi vizuri. Basi nikabaki nao nusu juu nusu chini, sijui nacheka au nalia.

Msidhani naogopa maneno. Nimekulia kwenye chakacha za ndani, wanaume wamefukuzwa, watoto wamelazwa, na nyimbo za humo siwezi kuziandika hapa. Somo wangu alinifunza mambo ya ndoa kwa maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka najifunika leso. Lakini mule aliyechekwa alikuwa bwana ambaye hayupo, au bi harusi mwenyewe, naye yumo anacheka na sisi. Siku ile ya Mama Ngina hadi leo sijui tulikuwa twamcheka nani.

Haya, semeni yenu. Yaliyokupata wewe, si ya kuambiwa.

Sista Mstaafu:
Pole bi. Lakini niruhusu niutetee utani kidogo.

Nimefanya uuguzi miaka 31 kwenye zahanati za huku pwani, na neno lililonisumbua kuliko yote ni "kifua". Mama anakuja: "Sista, kifua chanisumbua." Anaandikiwa dawa ya kikohozi. Anarudi, anapelekwa eksirei. Mara ya tatu ndipo nafunga mlango namuuliza, "Kifua cha kukohoa au cha kunyonyeshea?" Akicheka tu, buibui lafunguliwa. Mmoja kivimbe kilikuwa kishafika ukubwa wa limau. Kwa nini hukuja, mama? "Hakiumi." Vingi haviumi mwanzoni, na watu wetu bila maumivu hawaendi hospitali. Wengine ngozi yaingia vishimo kama ganda la chungwa, au chuchu yarudi ndani, nao kimya, kwa sababu hawajapata namna ya kulitamka bila aibu.

Mimi nilikuwa nawafunza kujikagua kwa chapati. "Vidole vitatu, zungusha, bonyeza kama watafuta donge kwenye unga. Siku chache baada ya hedhi, ziwa likiwa laini." Mmoja akaniuliza, je za kwangu zishakuwa maandazi? Tulicheka mpaka daktari akaja kuchungulia. Lakini wote walijikagua siku ile.

Sasa hiyo fulana, nyuma iliandikwaje? Iliwaambia mfanye nini?

Binti wa Mji wa Kale:
Nyuma ilikuwa nembo ya kampuni.

Mzee wa Tuktuk:
Mimi ni mwanamume na naandika kwa ajili ya ami yangu, mvuvi wa Mtongwe. Chuchu ilianza kutoa majimaji, kisha kikawa kidonda. Alidhani ni chumvi na kamba za nyavu. Ilikuwa kansa ya ziwa. Ndiyo, wanaume pia tunapata, karibu mmoja katika kila wagonjwa mia. Pale kliniki picha zote ukutani ni za wanawake, viti vyote vimejaa wanawake, akaulizwa amemleta nani.

Barazani kwenye kahawa wakampa jina, "Mama Maziwa". Kwa mapenzi, ati. Akaacha kwenda.

Nami sijifanyi msafi. Nyuma ya tuktuk yangu nilikuwa nimebandika stika ya kampeni niliyopewa bure, imechorwa mikono miwili, SHIKA LAKO KABLA HALIJASHIKWA. Abiria walikuwa wakiipiga picha. Siku moja nikampeleka ami kwa kemo. Alizunguka nyuma kuweka mfuko wake, akasoma, akapanda. Hakusema kitu njia nzima. Tulipofika akatoa shilingi mia akanipa. Ami hajawahi kunilipa nauli tangu ninunue tuktuk.

Stika niliibandua kwa kisu palepale.

Kijana wa Bamburi:
Mimi najitolea kukagua bure, njooni kwa foleni 😂😂

Sista Mstaafu:
Ahsante mwanangu kwa kujitolea. Tezi dume nayo hukaguliwa kwa kidole. Nina glavu hapa nyumbani, nikuwekee nafasi lini?

Kijana wa Bamburi:
Msimamizi tafadhali futa 😭

Mjukuu wa Majengo:
Sista umeniua.

Yangu ni ya Januari 2010. Mnakumbuka ule mchezo wa Facebook, wanawake waandika rangi ya sidiria tu, bila maelezo, ati ni uhamasisho? Nilikuwa kidato cha tatu. Nikaandika "nyekundu". Wavulana wa darasani wakabaki kuuliza nyekundu nini, nasi twacheka, raha tupu. Nilijaza ukurasa mzima wa rangi na sikumbuki hata mmoja kati yetu aliyetaja kansa.

Mamangu wakati ule alikuwa na kivimbe na hajamwambia mtu. Nililijua hilo mwaka uliofuata. Alikuwa akiketi kando yangu nikicheka na simu, akiniuliza, "Mwacheka nini?" nami namjibu, "Mambo yetu mama, hutaelewa."

Mwanasheria wa Makupa:
Marekani hili lilifika mahakamani. Wasichana wawili wa shule moja Pennsylvania walivaa bangili za mpira zenye maneno ya kupenda matiti, kwa lugha ya mtaani, za kampeni ya kansa. Shule ikawaadhibu. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikawapa wasichana haki yao, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza shule. Kesi ilikuwa ya haki ya kusema. Haki wanayo, sibishani. Swali la Binti ni jingine.

Binti wa Mji wa Kale:
Ndiyo. Fulana wavae. Mimi nataka tu siku ile mmoja wetu aulizwe kabla haijachapwa.

Na kwa kuwa sista katutoa machozi ya kicheko, nami nitoe yangu. La silikoni niliuliza bei nikashukuru nikaondoka. Nikashona ziwa langu kwa kipande cha leso, ndani choroko na pamba, choroko zipate kulipa uzito. Siku moja kwenye feri ya Likoni, mlango washuka, watu wasukumana kama kawaida, ziwa likachomoka sidiriani likaanguka miguuni pa watu. Kijana mmoja akaliokota, akalibonyeza, akanikimbilia: "Mama! Choroko zako!" Nikamwambia ahsante mwanangu, ndiyo mboga ya leo. Mimi na binti yangu tulikaa chini pale Likoni tukacheka mpaka askari wa feri akaja kutuuliza kama tu wagonjwa. Binti akamjibu, "Mmoja tu."

Mgeni:
Sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu. Nimekatwa mwezi wa Juni, bado nafunga mtandio mbele nikitoka. Dada wa Mji wa Kale, waweza kunishonea? Niko Kongowea, choroko nitanunua mwenyewe. La kushoto. Ukubwa wa embe ngowe.