Mliowahi kupasuliwa goti (ACL, ligamenti ya mbele ya goti) tupeane uzoefu: hizi habari za Rodri, kiungo wa Manchester City, kurudi tuziamini?

Wakuu, salaam.

Tangu City wamwingize Rodri kwenye orodha ya Ligi ya Mabingwa mwezi huu wa Februari 2025, kijiweni kwetu hakukaliki. Gazeti moja linasema yuko mbioni kurudi, jingine linakumbusha kwamba kocha Guardiola alishatamka tangu Septemba, kijana alipoumia goti, kuwa msimu wake umekwisha. Picha zake akiwa mazoezini zinazunguka, basi watu wameshampanga na kiungo mwenzake Kovacic.

Mimi nilipasuliwa goti la kulia hapa Dar, kwa hiyo habari hizi nazisoma tofauti. Daktari aliponiruhusu kukimbia taratibu kwa mstari mnyoofu, nyumbani walisikia "amepona". Mama mkwe akapika pilau kabisa! Wakati huo kushuka ngazi nilikuwa bado nashika ukuta. Nadhani ndicho wanachofanya waandishi: mtu akionekana na mpira mguuni, kesho yake kichwa cha habari kinamrudisha uwanjani. Orodha ya UEFA ni karatasi tu. Kocha anaweka jina ili nafasi isipotee.

Ambacho gazeti haliandiki ni maisha ya kati. Nyumba niliyopanga ina choo cha kuchuchumaa, na goti lilikuwa linakunja nusu. Tukatoboa kiti cha plastiki kwa kisu cha moto, nikawa mfalme. Swala nilisali kwenye kiti kwa miezi, na kikao cha tahiyatu ndicho kilichochelewa kurudi kuliko kitu chochote, hata kukimbia kuliwahi. Paja lilikonda mpaka nikaazima tepu ya fundi cherehani, nikawa napima yote mawili kila Ijumaa na kuandika ukutani.

Leteni yenu. Ilichukua muda gani, na nani alikuharakisha?

Beki wa Tandika
Pole mkuu. Mimi ilikuwa ndondo, uwanja wa mchanga wenye mashimo. Hakuna aliyenigusa. Niligeuka kumfuata winga, nikasikia "ko!" ndani ya goti, nikakaa chini. Jioni limevimba, nikapelekwa kwa mzee wa kuchua na mafuta ya nyonyo. Uvimbe ukashuka, nikatembea vizuri tu, ila nikigeuka ghafla goti linachomoka. MRI, kile kipimo cha picha za ndani, ndiyo ilisema ligamenti ya mbele imekatika yote. Bei ya kipimo tulichangishana kwenye kundi la timu. Kwa hiyo nikisoma kwamba Rodri kaumia Jumapili na wiki haijaisha kashapasuliwa, nacheka peke yangu. Mimi kutoka kuumia mpaka kupasuliwa uliingia mwaka mwingine.

Mtoto wa Highbury
Aliumia akicheza na sisi Arsenal bwana, akatolewa dakika ya 21, baada ya kugombania nafasi na Partey wetu kwenye kona. Siku chache kabla alikuwa ametoka kulalamika kwamba mechi zimezidi, wachezaji wanaweza hata kugoma. Pole yake, lakini bila yeye City wameongoza 3-0 na Feyenoord wakaishia 3-3. Arudi mwakani.

Dada wa Netiboli
Jamani magoti si ya wanaume tu. Sisi ndio tunaumia zaidi. Kwenye netiboli ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao, lazima usimame palepale. Mimi nilidaka juu, nikatua kwa mguu mmoja, mguu ukabaki umeganda chini na mwili ukageuka kutafuta wa kumpa pasi. Ndiyo ikawa hivyo, nikiwa chuo Morogoro.

Upasuaji wenyewe haukunitesa. Kilichonitesa ni kunyoosha goti liwe sawa kabisa. Unaweka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, goti linaning'inia, unasubiri lishuke lenyewe huku machozi yanakutoka. Mtaalamu wa mazoezi tiba alikuwa mkali kwenye hilo kuliko kwenye kukunja. Na hofu, dada zangu! Nilifaulu vipimo vyote, lakini mpira ukija juu nilikuwa natua kwa miguu miwili kama mgeni wa mchezo. Hiyo hakuna gazeti litakalokuandikia.

Fizio wa Mbeya
Niongezee hapo. Kano mpya inayowekwa badala ya ligamenti iliyokatika mara nyingi hukatwa nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Watu wanadhani ikishafungwa inazidi kuimarika siku hadi siku. Hapana. Kwanza inapungua nguvu, wakati mwili unaiotesha mishipa ya damu, ndipo ijijenge upya. Na kipindi hicho ndicho mgonjwa anajisikia mzima: uvimbe umeisha, magongo kayatupa. Anakuja kuniuliza kwa nini namchelewesha.

Kuna utafiti wa 2016 uliofuatilia wagonjwa wa Oslo na Delaware: kila mwezi mtu aliochelewa kurudi, mpaka kufikia wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Sasa hesabuni wenyewe, kutoka mwisho wa Septemba mpaka leo.

Bulls Damu
Mnakumbuka Derrick Rose, yule wa mpira wa kikapu wa Chicago Bulls? Aprili 28, 2012, mchezo wa kwanza wa mtoano na Philadelphia, Bulls wakielekea kushinda, goti la kushoto likaenda. Machi 2013 vyombo vya habari vikatoa kwamba madaktari wameshamruhusu. Hakucheza msimu mzima. Chicago ikagawanyika, wengine wakamwita mwoga, wakamtolea mfano Adrian Peterson wa futiboli ya Kimarekani, aliyeumia mkesha wa Krismasi 2011 na Septemba 2012 akawa uwanjani, tena akatwaa MVP, tuzo ya mchezaji bora. Rose akarudi msimu uliofuata, Novemba goti la kulia likachanika meniskasi, ile gegedu ya ndani ya goti. Mtu haendi kwa kalenda ya jirani.

Kisumu Ndogo
Mimi sikupasuliwa. Daktari aliniuliza kama nategemea raga kwa chakula, nikasema la, nafundisha hesabu. Nikapewa mazoezi ya kujenga misuli, basi. Natembea, naendesha baiskeli, raga naitazama kwa runinga.

Mleta mada
Narudi Mei 21. Februari ileile Real Madrid waliwatoa City, jina kwenye orodha halikusaidia kitu. Jana kwenye uwanja wao wa Etihad, siku ya kumuaga mwenzao De Bruyne, Rodri kaingia dakika za mwisho na Bournemouth, 3-1. Miezi minane kasoro siku mbili tangu aumie. Kwa hiyo Guardiola naye hakupatia, na wale wa "yuko mbioni" walitangulia mno.

Mgeni Jukwaani
Habari zenu. Nilipasuliwa Januari, sina maumivu. Julai tuna ndondo, naweza kuingia hata kipindi cha pili?

Fizio wa Mbeya
Julai ni mwezi wa sita kwako, iache. Tutakapopima, mguu uliopasuliwa uruke angalau asilimia 90 ya mwenzake, na nguvu ya paja hivyohivyo. Kutosikia maumivu si kipimo.

Mgeni Jukwaani
Nimekuelewa kaka. Shida kocha ni mjomba wangu na jezi ameshaichapisha jina. Hayo huwezi kuniandikia kwenye karatasi yenye muhuri?