Filamu ya Fumo Liyongo bila miujiza: tupa na sindano vitaaminika?

Mwandishi_Skripti
Wadau, naandika filamu fupi ya Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani: ugomvi wake na Sultani Daudi Mringwari wa Pate, kifungo, kutoroka, kifo. Naitaka ya jasho na damu, bila jitu wala uchawi. Nimekwama kwenye tupa aliyofichiwa ndani ya mkate ili akate pingu, na sindano ya shaba aliyouawa nayo kwa kuchomwa kitovuni. Mtazamaji wa leo atakubali?

Fundi_Chuma
Tupa inakubalika. Chuma chake huanza kulegea kikipita nyuzi 200 hivi, lakini ndani ya mkate wenye majimaji joto halizidi 100, kwa hiyo meno yanabaki makali. Shida ni wishwa (pumba za nafaka) wa mkate ule, haushikani. Mama yake Liyongo achanganye unga, akande mzito, na tupa iwe fupi bila mpini, kama sentimita 10. Usije ukaugeuza kuwa mkate mzuri! Walinzi walikula kila kizuri alicholeta Saada, kijakazi wa mama, cha wishwa wakamtupia mfungwa. Hapo ndipo ujanja wote ulipo. Na asikate pete ya pingu. Akereze kichwa cha ribiti, kisha aigonge itoke.

Sikio_la_Pwani
Ngoma peke yake haifichi tupa: ngoma ni nzito, tupa hulia nyembamba. Ndiyo maana gungu lile, ngoma iliyochezwa Liyongo akikata pingu, lilihitaji matoazi na utasa. Rekodi utasa halisi, shaba ikigongwa kwa kijiti. Kila msuguano uangukie kwenye pigo la toazi, halafu mpigaji mmoja akose pigo na tupa isikike peke yake. Mlinzi ageuke.

Daktari_Mpenda_Tenzi
Sindano inaua kweli. Aota, mshipa mkuu wa damu, hugawanyika karibu na usawa wa kitovu, mbele tu ya uti wa mgongo. Kwa mwili mkubwa ya kushonea nguo haifiki. Tumia ya magunia, sentimita 15 au zaidi. Tundu jembamba huvujisha damu ndani, nje unaona tone tu. Kwa hiyo ana muda wa kuamka, kushika upinde na kufika kisimani.

Kinachokuangusha ni lile goti: anakufa kisimani akiwa amepiga goti, watu wakidhani yu hai. Maiti haijishikilii, mwegemeze kwenye ukingo wa kisima. Mwili hukakamaa baada ya saa chache, lakini kwa joto la pwani huanza kulegea baada ya siku moja hivi. Zile siku watu walizoogopa kuteka maji, zifupishe.

Mwana_wa_Utenzi
Usiache kikoa cha makoma, yaani mlo wa zamu wa matunda ya mti wa mkoma. Kila mtu apande mkoma kwa zamu, zamu ya Liyongo ikifika waliotumwa kumuua wamlenge akiwa juu. Yeye akaangua makoma kwa mshale, miguu ikiwa chini. Hiyo haihitaji kurekebishwa hata kidogo.