MJADALA: Kompyuta za shule Kigoma zikeshe zikisaka namba tasa?

Mwalimu wa hisabati, Mwanga: Wadau, vijana wa klabu ya hisabati wanaomba kompyuta za maabara ziachwe zikiwaka usiku, zishiriki GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea unaosaka namba tasa kubwa (zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) tangu 1996. Oktoba 2024 mradi huo ulitangaza kubwa kuliko zote zinazojulikana: andika 2 mara 136,279,841, zizidishe zote, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Wajifunze namba hizi, naunga mkono kabisa. Kukesha na kompyuta, napinga. Aliyeipata, Luke Durant, alitumia mitambo iliyotawanyika nchi 17. Sisi na LUKU ya shule tutamfikia wapi?

Mzazi, Ujiji: Mwalimu, heshima yako, lakini unawavunja moyo watoto. Iliyotangulia, ya Desemba 2018, tarakimu 24,862,048, ilitoka kwenye kompyuta ya kawaida ya mtu mmoja huko Florida. Kwa nini isiwe Kigoma?

Mdau, Kibirizi: Mimi nauliza, mvuvi wa dagaa hapa mwaloni anapata nini?

Mwalimu: Ndugu yangu wa Kibirizi, kwa namba hiyo yenyewe, hapati kitu. Ulinzi wa mtandao wa aina ya RSA huzidisha namba tasa mbili za tarakimu mia tatu hivi, na nguvu yake ni kwamba anayeona jibu hawezi kuzitenganisha. Hii ya milioni 41 ni kubwa mno kwa kazi hiyo, tena dunia nzima inaijua. Utafungia siri gani humo?

Mali iko kwenye namna ya kuthibitisha. Chukua 31, yaani andika 2 mara tano, zizidishe zote, toa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia: 194. Gawa kwa 31, inabaki 8. Rudia: 62. Gawa kwa 31, inabaki 0. Hatua tatu, pungufu ya tano kwa mbili, na sifuri imetokea: 31 ni tasa, wala hukutafuta kigawanyo hata kimoja! Sasa fanya 2047, yaani andika 2 mara 11, zizidishe zote, toa 1. Baada ya hatua tisa inabaki 1736. Si tasa. Kweli, ni 23 × 89, ila kipimo kimekataa bila kuzitaja. Ile ya 2024 nayo ilipitishwa kwenye kipimo hikihiki. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwa mkono namba tasa ya tarakimu 39. Umeme wa nini pale? Chaki tunazo.

Mzazi, Ujiji: Basi kompyuta moja tu, na umeme wake tuchange wazazi. Hilo nalo unapinga?

Mwalimu: Darasa zima likishaimaliza 2047 ubaoni bila kunitazama, sipingi. Wazazi wengine mnasemaje?