Kuwasomea watoto maisha ya mashujaa wa imani: nianze na nani, na ya kutisha niyaseme vipi?

MamaTumaini:
Habari zenu wakuu. Nataka tuanze kusoma nyumbani maisha ya Wakristo wa zamani, jioni baada ya chakula. Watoto wana miaka 5, 8 na 12. Nilifikiria Mashahidi wa Uganda kwa kuwa Juni 3 inakaribia, ila mdogo naona ataota moto usiku, na mkubwa lazima aulize Kabaka, mfalme wa Buganda aliyewaua, alikuwa anataka nini hasa. Nianzie wapi, na nisome kiasi gani kwa jioni moja?

Mwalimu_wa_Jumapili:
Mama Tumaini, usisome maisha mazima. Tafuta tukio moja ambalo mtu alilazimika kuamua, soma hilo tu, lingine liache kesho. Ukianza na kuzaliwa, wazazi na shule, wa miaka 5 atakuwa chini ya meza kabla shujaa hajafanya lolote. Maneno 1,000 yakisomwa taratibu kwa sauti ni kama dakika 10, na hizo zinawatosha. Pitia mwenyewe kwanza, uweke alama ya penseli pa kusimamia.

Wa kwanza mpe nafasi Eric Liddell, yule mkimbiaji Mskoti aliyezaliwa China mwaka 1902. Olimpiki ya Paris, 1924, alikataa mita 100 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili. Ratiba aliijua miezi kadhaa kabla, akajifua kwa mita 400 na kuchukua dhahabu kwa sekunde 47.6. Simulizi ikisema alishtukizwa dakika za mwisho, irekebishe papo hapo: uamuzi uliokaa moyoni miezi ndio mtoto anaoweza kuuiga. Na usiishie kwenye medali. Alirudi China kufundisha na kuhubiri, akafia kwenye kambi ya wafungwa ya Wajapani Februari 1945. (Kama nyumbani ni Wasabato, waelezeni watoto mapema kwamba kwake siku ya Bwana ilikuwa Jumapili, la sivyo jioni nzima itaishia kwenye hilo.)

Katekista:
Kuhusu Namugongo, mahali walipouawa Mashahidi wa Uganda, gawanyeni masikio. Wa miaka 5 asikie kwamba vijana wa ikulu walimpenda Yesu, Kabaka Mwanga akakasirika, wakakataa kumwacha Yesu, wakauawa. Neno "wakauawa" litamke. Ukisema "wakalala" utamfanya aogope kulala. Moto usiueleze, na someni mchana, si karibu na kitanda.

Wa miaka 12 anastahili kisa kizima. Oktoba 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi vijana wa ikulu, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo, tena alikuwa akiwakinga vijana wasichezewe kimwili. Novemba 15 naye akauawa. Karoli Lwanga akachukua nafasi yake na ulinzi ule ule. Mei 1886, usiku wa kuamkia hukumu, aliwabatiza waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, Kizito akiwemo, mtoto wa miaka kama 14. Juni 3 wengi wao wakachomwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Kwa hiyo akiuliza Kabaka alitaka nini, mjibu: alitaka kuwatumia vijana kwa tendo la ndoa, wakakataa. Hapo hapo mwambie mtu mzima yeyote, awe mfalme, mjomba au mchungaji, akitaka kumgusa vibaya, ana haki ya kukataa na kuja kukwambia. Ukiliruka hilo, umemnyima sehemu ya kisa inayomhusu zaidi.

Jambo moja linaharibu kila kitu: kugeuza shahidi kuwa fimbo. "Kizito alikufa kwa imani, wewe kuosha vyombo tu unanuna!" Ukishasema hivyo, kesho hakuna anayetaka kusikia habari za Kizito.

Mkutubi:
Naongeza uzi wa kuonyesha miaka. Kata uzi wa mita 2 na sentimita 10, ufunge ukutani, kila sentimita iwe mwaka, mwanzo uwe 1820. Vibanio vya nguo vishike vipande vya karatasi. Samuel Ajayi Crowther, aliyekuja kuwa askofu Nigeria, kutekwa utumwani, 1821: sentimita ya 1. Mmisionari Krapf kufika Mombasa, 1844: ya 24. Namugongo: ya 66. Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya Idi Amin, 1977: ya 157. Kisha mtoto abane mwaka wake mwenyewe na wa bibi yake. Akiona bibi yuko kushoto kwa Luwum, ataenda kumuuliza.

Pia angalieni ni nani anatajwa jina. Livingstone alikufa 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kitabu kikiandika "wapagazi waaminifu" tu, wewe taja: Susi, Chuma, Jacob Wainwright aliyesoma ibada ya maziko. Chuma alikuwa ameokolewa kwenye msafara wa watumwa akiwa mtoto. Nusu ya kisa hicho ni chao.

MamaTumaini:
Asanteni sana. Na wakiuliza mbona Mungu hakuwaokoa?

Katekista:
Usikimbilie "damu yao ilikuwa mbegu." Ni kweli, lakini kwa mtoto inasikika kama Mungu alihitaji wafe. Mwambie hata Lwanga alijua wangeweza kufa, na bado aliomba. Kisha nyamaza, umwache mkubwa aseme anavyofikiri. Ukikosa jibu, fungueni Danieli 3:17-18, vijana watatu mbele ya tanuru ya moto, msome pamoja, hasa yale maneno "bali kama si hivyo".