Naomba ushauri: nimsainie mama fomu ya utafiti?

Habari zenu ndugu. Mama ana ugonjwa wa kusahau, huu mwaka wa tatu. Watafiti wameniomba nisaini kwa niaba yake aingie kwenye majaribio ya dawa mpya. Nusu ya washiriki watapewa vidonge visivyo na dawa, na wote watatolewa maji ya uti wa mgongo kwa sindano.

Nimesoma Azimio la Helsinki, lile la Chama cha Madaktari Duniani la mwaka 1964 kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, lililorekebishwa mara kadhaa. Linataka ridhaa ya mwakilishi wa kisheria, lakini pia mgonjwa aulizwe kadiri anavyoweza, na akikataa aheshimiwe. Hapo ndipo ninapokwama. Asubuhi mama anasema "sawa mwanangu", jioni akiona tu sindano anavuta mkono. Jibu lake ni lipi? Hata alipokuwa na akili timamu alikuwa akikwepa kupimwa presha!

Dada anasema bila wagonjwa kama mama dawa haitapatikana. Kweli, ila yeye haishi naye.

Mliowahi kusaini kwa ajili ya mzazi, mlijuaje kwamba amekataa kweli na si woga wa dakika ile? Na mliwauliza nini watafiti kwanza?