Mdudu wa malaria ni ndege asiyeruka? Fumbo limenishinda, naomba msaada

Mwalimu_wa_Wanale:
Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mbale. Tangu baraza la mawaziri la Uganda lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima shuleni, chama chetu cha Kiswahili kimejaa, na wanafunzi wanataka kitu kipya kwa Siku ya Kiswahili, 7 Julai. Nikamwomba rafiki yangu wa Mombasa, tuliyesoma naye chuo, anitungie fumbo la kujaza miraba. Nilitarajia yale ya gazetini: "Mji mkuu wa Kenya (7)", yaani herufi saba, unaandika, unasonga mbele. Alichoniletea ni balaa. Leo siku ya tatu nina neno moja tu, TEMBO, kwa kidokezo "Mnyama mkubwa anayelevya (5)". Hilo nalo nimelipata kwa kuwa niliwahi kuonjeshwa tembo la mnazi huko huko kwake.

Yaliyonishinda ni haya:

Kulia 1: Mdudu wa malaria ni ndege asiyeruka (5)
Kulia 6: Shamba letu linaficha mji ulio chini ya Mlima Elgon (5)
Chini 1: Hukuna nazi, hula nyasi (5)
Chini 3: Samaki waliovurugwa, mvua kubwa (6)
Chini 4: Lima kwa kinyume upate utajiri (4)

Sitaki majibu matupu. Nielezeni jibu limepatikanaje, maana watoto wataniuliza "kwa nini, mwalimu?" nikose pa kujificha. Ile ya kwanza nimeandika MBU, miraba miwili ikabaki wazi. Ya mvua nimejaribu GHARIKA, herufi moja imezidi.

Dereva_wa_Malaba:
Pole mwalimu. Niko foleni mpakani tangu alfajiri, muda ninao. Ya kwanza ni MBUZI. M-B-U zako zimo, na umewahi kuona mbuzi akiruka?

Mwalimu_wa_Wanale:
Mbuzi wa huku wanaruka ua kila siku kuingia shambani kwangu. Na tangu lini mbuzi akawa ndege?

BiTatu_Mvita:
Mwalimu, hayo usiyasome kama maswali. Kila kidokezo kina vipande viwili. Kimoja kinataja maana ya jibu, nacho hukaa mwanzoni au mwishoni, hakijifichi katikati. Cha pili kinakuonyesha neno linavyojengwa. Sentensi nzima usiiamini, ni kanzu tu imevalishwa juu.

Sasa shika hiyo ya kwanza. Maana iko mwishoni: ndege asiyeruka. Mdudu wa malaria umeshampata, MBU. Limebaki neno gani hapo kati? "Ni". Hilo huliulizi maana, unaliandika lilivyo.

Mwalimu_wa_Wanale:
MBUNI! Ewe Mola. Hiyo "ni" imekaa pale siku tatu inanitazama.

Mzee_Kahawa:
Mimi napinga. Mbuni ni mti, na ninayo mibuni ya kutosha huku mlimani. Haina hata bawa moja.

BiTatu_Mvita:
Shikamoo mzee. Wala hujakosea. Angeandika "Mdudu wa malaria ni mti wa kahawa", jibu lingekuwa lile lile. Na mtu anayebuni mavazi naye ni mbuni.

Dereva naye hakukosea sana, kakosea mraba tu. MBUZI ndiyo Chini 1, zinashirikiana M. Hapo hakuna kujenga neno, ni maana mbili za neno moja: mbuzi anayekula majani, na mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Tazama ujanja wa hiyo "hu-". Angeandika "anakula", ngeli ingemfichua mnyama. Angeandika "inakuna", ingekifichua kifaa. "Hu-" haina ngeli, inawafunika wote wawili.

Mwalimu_wa_Wanale:
Hiyo ya "hu-" nitaifundishia kipindi kizima. Lakini Bi Tatu, wanafunzi wangu watakijua wapi kigoda hicho? Huku nazi hutufikia ikiwa ndani ya biskuti.

Penseli_HB:
Waingereza nao waligombania sana haki ya msomaji. Derrick Macnutt, aliyetunga mafumbo ya gazeti la The Observer kuanzia 1939 kwa jina la Ximenes, alishikilia kwamba kidokezo kiwe na maana sahihi na njia ya haki ya kulijenga neno, na kisiwe na kitu kingine chochote. Kwa kipimo hicho mbuni amepasi. Mbuzi amepasi Mombasa, Mbale ameanguka. Mweke PAA badala yake: "Mnyama aliye juu ya nyumba (3)". Swala na bati.

Ila Chini 4 inanitia shaka. LIMA kinyume ni AMIL, na hilo si neno.

BiTatu_Mvita:
Unageuza herufi kama Mwingereza. Kinyume chetu ni cha silabi. Watoto wa pwani wakitaka wakubwa wasiwaelewe, silabi ya mwisho inatangulia. Li-ma, ma-li.

Penseli_HB:
Mali, utajiri. Nafuta kauli.

Dereva_wa_Malaba:
Ya samaki niachieni, nimeipata kwenye karatasi ya rolex, ile chapati ya mayai! "Waliovurugwa" maana yake uzikoroge herufi zenyewe. SAMAKI ukiikoroga inatoa MASIKA. Herufi sita, mvua kubwa, sina deni.

Kuhusu Kulia 6, mwalimu, toka nje uutazame mlima, kisha utuambie uko mji gani.

Mwalimu_wa_Wanale:
Nimeshajua jibu litakuwa MBALE, sijaona limetoka wapi.

Dereva_wa_Malaba:
Soma "shamba letu" bila kusimama kwenye nafasi.

Mwalimu_wa_Wanale:
ShaMBA LEtu. Naishi humu miaka kumi na mmoja. Tafadhali msiwaambie wanafunzi wangu.

Ngoja na mimi nijaribu kutunga: "Barua iliyokatwa kichwa imefika mji wa Nile Magharibi (4)".

Penseli_HB:
"Imefika" inafanya kazi gani hapo? Haijengi neno, wala si maana.

Mzee_Kahawa:
Mwache mwalimu, ndiyo kwanza anaanza.

Kijana_wa_Arua:
Imefika, mwalimu, ila B imedondoka njiani. Wasalimie Mbale.